Tumeachana, lakini mkopo wa nyumba bado una majina mawili. Namtoaje?

SWALI: Miaka mitano iliyopita mimi na mwenzangu tulinunua nyumba kwa mkopo wa benki. Majina yetu wote wawili yako kwenye mkopo na kwenye hati. Hatukufunga ndoa. Mwaka jana tuliachana, akahama, na tangu hapo marejesho nalipa peke yangu. Hatuna ugomvi. Ameshaniandikia na kusaini karatasi kwamba nyumba ananiachia. Nilipoipeleka benki, afisa akaniambia karatasi hiyo haibadilishi kitu, wote wawili bado ni wadeni. Namtoaje kwenye mkopo? Na itakuwaje akibadilisha mawazo?

JIBU: Pole kwa yaliyokupata, dada, na hongera kwa kushikilia marejesho muda wote huo bila kuyumba. Hilo litakusaidia zaidi ya unavyodhani. Afisa wa benki amekuambia kweli, ila amekuacha njiani. Benki haina fomu ya kumtoa mtu kwenye mkopo. Ilicho nacho ni utaratibu wa kumpima anayebaki. Kama kipato chako peke yako kinatosha kupewa deni hili leo, mwenzako atatoka. Kisipotosha, hata mwende benki pamoja na mkubaliane kila kitu mbele ya meneja, jina lake litabaki palepale.

Sababu iko kwenye mkataba mliosaini. Wengi wanaokopa wawili huamini kwamba kila mmoja anadaiwa nusu. Sivyo. Wajibu wenu ni wa pamoja na pia wa kila mmoja peke yake: benki inaweza kukudai wewe deni zima, ikamdai yeye deni zima, au ikawadai wote, kwa vyovyote itakavyoona pesa itapatikana. Ikimwachilia yeye, inabaki na mtu mmoja wa kumdai badala ya wawili, na hakuna benki itakayofanya hivyo kwa sababu tu nyinyi mmeachana kwa wema.

Sasa ile karatasi. Usiitupe, ina kazi yake. Katika jambo hili kuna nyaraka tatu ambazo watu huzichanganya. Hati miliki inasema nyumba ni ya nani. Mkataba wa mkopo unasema nani anadaiwa. Makubaliano yenu yanasema nyinyi wawili mmeahidiana nini. Hati hubadilishwa kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, mkopo hubadilishwa na benki, na makubaliano yanawafunga nyinyi tu mliosaini. Karatasi uliyonayo ni ya aina hii ya tatu. Inaweza kukusaidia mahakamani dhidi yake. Benki haikuwa sehemu yake na haiwezi kufungwa nayo.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni watu kukimbilia kufuta jina kwenye hati kwanza, kwa kudhani mkopo utafuata wenyewe. Naomba usifanye hivyo. Nyumba ikiwa kwenye rehani, kuhamisha umiliki bila ridhaa ya maandishi ya benki kwa kawaida ni kuvunja mkataba wa mkopo, na mikataba mingi inairuhusu benki kudai deni lote kwa mkupuo. Marekani ina sheria ya mwaka 1982 inayomzuia mkopeshaji kufanya hivyo pale nyumba ya makazi inapohamishiwa mwenzi kutokana na talaka. Lakini hata huko, aliyeondoka anaendelea kudaiwa mpaka mkopeshaji amwachilie. Na mwangalie mwenzako pia: akitoka kwenye hati akabaki kwenye mkopo, amepoteza nyumba huku deni likiwa bado lake. Akipata wakili mzuri ataambiwa asisaini, na ataambiwa kweli. Mabadiliko ya hati na ya mkopo yafanyike siku moja, kwa mkono wa wakili anayeshika saini zenu mpaka benki iwe imethibitisha kwa maandishi.

Hatua ya kwanza ni kusoma ulichosaini, tena kwa utulivu. Omba benki barua inayoonyesha salio la deni hadi tarehe fulani, riba inayotozwa, muda uliobaki, na gharama ya kulipa deni kabla ya wakati kama ipo. Kisha chukua nakala ya hati ya rehani yenyewe, ile iliyosajiliwa, na utafute kifungu kinachoeleza nyumba inadhamini deni gani. Rehani nyingine zimeandikwa kwamba nyumba inadhamini mkopo huu tu. Nyingine zinasema inadhamini madeni yote ya wakopaji, ya sasa na ya baadaye, kwa pamoja au mmoja mmoja. Kama yako ni ya aina hii ya pili na mwenzako ana mkopo wa biashara au kadi ya mkopo katika benki hiyohiyo, kuna hatari nyumba unayoilipia peke yako inadhamini pia madeni usiyoyajua. Muulize afisa waziwazi, na jibu lake liwe la maandishi. Katika mambo yote niliyoyataja hapa, hili ndilo watu hulikuta wakiwa wamechelewa.

Baada ya hapo jipime kabla benki haijakupima. Acha sarafu pembeni, tutumie namba tu. Tuseme deni lililobaki ni milioni 60, riba ni asilimia 12 kwa mwaka, na muda uliobaki ni miaka 15. Marejesho ya kila mwezi yanakuwa takriban 720,100. Benki nyingi hazitaki marejesho ya mikopo yako yote yavuke theluthi moja ya kipato, nyingine hufika asilimia 40 hivi. Kwa kipimo cha theluthi, unatakiwa uonyeshe kipato cha takriban milioni 2.16 kwa mwezi, kinachothibitika kwa hati ya mshahara au taarifa za akaunti. Mkopo wa gari na deni la kadi vinahesabiwa humohumo. Kwa hiyo mtu mwenye mshahara wa kutosha anaweza kukataliwa kwa sababu ya mkopo mdogo ambao angeweza kuumaliza miezi mitatu kabla ya kuomba. Ukiwa nao, umalize kwanza.

Hapa ndipo rekodi yako ya malipo inapoanza kukufanyia kazi. Ukipeleka taarifa za akaunti zinazoonyesha marejesho kamili yakitoka kwenye akaunti yako wewe, mwezi baada ya mwezi, bila hata senti moja kutoka kwake, umempa afisa mikopo ushahidi kwamba deni hili unaliweza. Hilo haliondoi kipimo cha kipato, lakini ombi lililo ukingoni huvuka kwa ushahidi wa namna hiyo. Kama ulikuwa unampa mwenzako pesa taslimu alipe yeye, au unalipa kupitia akaunti yenu ya pamoja, badilisha mwezi huu.

Ukiona unatosha, una njia mbili. Ya kwanza ni kuiomba benki yako imwachilie mwenzako kwenye mkopo uleule, wewe ubaki na riba ileile na muda uleule. Ya pili ni kuchukua mkopo mpya kwa jina lako pekee, katika benki hiyo au nyingine, unaolipa wote wa zamani na kuufunga. Maafisa wengi watakuelekeza kwenye mkopo mpya moja kwa moja kwa sababu ndiyo bidhaa wanayoiuza. Wewe anza kwa kuuliza ile ya kwanza. Kama riba ya mkopo wenu ni ndogo kuliko ya soko la leo, kuufunga ni kutupa kitu cha thamani ambacho hutakipata tena. Tena mkopo mpya una gharama zake: uthamini wa nyumba, wakili, usajili wa kufuta rehani ya zamani na kuandikisha mpya, ada ya benki, na pengine adhabu ya kulipa mapema. Ikiwa riba ya sasa ni ya chini kuliko mliyokopea, hesabu inageuka, na mkopo mpya unaweza kukulipa. Uliza pia kuhusu kodi ya kuhamisha umiliki. Baadhi ya nchi husamehe kodi hiyo kwa wanandoa wanaotalikiana, na msamaha huo mara nyingi haumfikii asiyefunga ndoa.

Kisha kuna sehemu yake katika nyumba. Unasema ameiacha, nami namwamini. Ila watu huacha vitu kirahisi wakiwa na maumivu ya kuachana, na miaka miwili baadaye wanapotaka kujenga maisha mapya, huanza kupiga hesabu. Ni afadhali hesabu hiyo ipigwe sasa, mbele yenu wote, hata kama mwisho wake ataamua kukuachia yote. Tafuteni mthamini mmoja mnayemkubali nyote, mlipe nusu kwa nusu. Tuseme nyumba ina thamani ya milioni 100 na deni ni 60. Kinachobaki ni 40, na mkigawana sawa sehemu yake ni 20. Ukimlipa hizo 20 kwa kuongeza mkopo, deni lako linakuwa milioni 80, na marejesho kwa riba na muda uleule yanapanda kutoka 720,100 hadi takriban 960,100. Kipato kinachotakiwa nacho kinapanda hadi karibu milioni 2.9. Unaweza kunyoosha muda uwe miaka 20 na marejesho yakashuka hadi 880,900 hivi, lakini jumla utakayolipa mpaka mwisho inapanda kutoka takriban milioni 173 hadi 211. Ndiyo maana wengi hukubaliana kumlipa anayeondoka kidogo kidogo nje ya benki, kwa mkataba wenye tarehe. Mkifanya hivyo, mwambieni afisa, kwani nalo ni deni, na kulificha kwenye fomu ya mkopo ni kutoa taarifa ya uongo.

Je, marejesho uliyolipa peke yako yanahesabiwaje? Hapa hisia huwa kali, kwa hiyo nitakaa kidogo. Unaweza kusema: nimelipa miezi kumi, kila mwezi 720,100, kwa hiyo nimeweka milioni 7.2 kwenye nyumba hii. Angalia ndani ya rejesho lenyewe. Kwa deni la milioni 60 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, rejesho la kwanza lina 600,000 za riba, na 120,100 tu ndizo zinazopunguza deni. Baada ya miezi kumi, deni limeshuka kwa takriban milioni 1.26. Zilizobaki, karibu milioni 5.9, zimekwenda kwenye riba. Mwenzako anaweza kusema kwamba riba hiyo ni kama kodi ya nyumba uliyokuwa unaishi peke yako, na hoja yake si ya kuipuuza. Nawe unaweza kusema kwamba bila wewe nyumba ingeuzwa kwa mnada na yeye asingekuwa na chochote cha kudai, na hoja hiyo nayo ina uzito. Ninachoona ni haki katika hali nyingi ni hiki: kilichopunguza deni tangu siku aliyohama kihesabiwe chako chote, riba ifidiwe na faida ya kuishi humo, na matengenezo makubwa uliyoyalipia yahesabiwe kwa risiti. Mnaweza kukubaliana tofauti, ila mzungumze mkiwa na karatasi ya benki mezani, inayoonyesha riba na deni halisi vikiwa vimetenganishwa.

Kwa kuwa hamkufunga ndoa, mara nyingi mgawo wenu utaangalia hati inavyosema na ushahidi wa nani alichangia nini. Kwa msomaji aliyefunga ndoa, mambo ni mapana zaidi. Tanzania, Mahakama ya Rufani ilitambua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inataja kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Usikubali kuambiwa huna sehemu kwa sababu tu jina lako halipo kwenye stakabadhi za benki.

Unaniuliza itakuwaje akigoma. Kwanza, elewa kwamba yeye naye ana sababu ya kutaka kutoka, na pengine hajaambiwa. Maadamu jina lake liko kwenye mkopo huu, kila benki atakayokwenda itahesabu deni lenu zima kuwa lake. Atashindwa kukopa nyumba yake, au atapata kidogo mno. Na siku wewe ukichelewesha rejesho, doa linaingia kwenye taarifa zake za mikopo pia, hata kama hajaingia kwenye nyumba hiyo kwa mwaka mzima. Mweleze haya kwa upole, ikiwezekana mbele ya mtu mnayemheshimu wote. Nimeona watu waliokataa kusaini kwa hasira wakibadilika walipoelewa kwamba wanajifungia wenyewe.

Akiendelea kukataa, mahakama inaweza kuamua nani ana sehemu gani, na katika nchi nyingi inaweza kuamuru nyumba iuzwe au mmoja amuuzie mwingine. Usichoweza kukitarajia ni mahakama kuilazimisha benki imwachilie mdeni. Hata hukumu ya talaka inayosema mkopo utalipwa na fulani haimgusi mkopeshaji. Inakupa wewe haki ya kumdai mwenzako asipotekeleza, basi.

Na kama hufikii kipimo cha kipato? Kuna wanaomwingiza kaka, dada au mzazi awe mkopaji mwenza badala ya aliyeondoka. Inawezekana, lakini mwambie ukweli wote kabla hajasaini: atadaiwa deni zima kama nilivyoeleza hapo juu, uwezo wake mwenyewe wa kukopa utapungua, na kama ni mzazi mwenye umri mkubwa benki inaweza kufupisha muda wa mkopo, marejesho yakapanda. Mkubaliane pia kama ataingia kwenye hati au la. Mnaweza vilevile kusubiri mwaka mmoja au miwili, kipato kikue na madeni madogo yaishe, ndipo uombe. Na mnaweza kuuza. Najua neno hilo linauma mtu anapopigania paa la watoto wake au nyumba aliyoilipia kwa jasho, lakini kuuza kwa hiari, kwa bei ya soko, kunawaacha na kitu mkononi. Mnada hauwaachii hivyo. Kama deni limezidi thamani ya nyumba, hakuna sehemu ya kumlipa, na mazungumzo yawe kuhusu nani anabeba pengo. Katika hali hiyo nenda benki mapema kabla hujakosa rejesho hata moja.

Kipindi cha kusubiri ndicho chenye mitego, kwa hiyo kilinde. Iandikie benki barua, ikiwezekana msaini wote, kwamba mmeachana na kwamba hakuna nyongeza ya mkopo wala utoaji wa pesa kwenye akaunti ya mkopo bila saini zenu wote wawili. Mikopo mingine humruhusu mkopaji yeyote kuchota tena pesa zilizolipwa zaidi ya ratiba, na pesa uliyoitanguliza kwa nia njema inaweza kuondoka mchana mmoja. Ile karatasi yake irudiwe mbele ya wakili iwe makubaliano kamili: nani analipa rejesho, bima na kodi za nyumba, sehemu yake inahesabiwaje, mtaomba benki lini, na nini kitafanyika ombi likikataliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni saini, tarehe na mashahidi.

Angalia pia jinsi umiliki wenu ulivyoandikwa kwenye hati. Kuna umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambapo mmoja akifariki nyumba yote inabaki kwa aliye hai. Na kuna umiliki wa sehemu, ambapo sehemu ya marehemu inakwenda kwa warithi wake. Kama wenu ni wa sehemu na mwenzako akafariki kabla ya uhamisho, utajikuta unazungumza na wazazi, watoto au mwenzi wake mpya, watu ambao hawajui chochote kuhusu karatasi yenu. Kama ni usiogawanyika, wewe ukitangulia nyumba inakwenda kwake, si kwa watoto wako. Wakili anaweza kubadilisha aina ya umiliki hata kabla mkopo haujaguswa, mara nyingine kwa kuhitaji ridhaa ya benki. Fanya hivyo, uandike na wosia.

Bima ya mkopo, ile inayolipa deni mkopaji akifariki, nayo haisubiri. Mara nyingi huwa imekatwa kwa maisha ya watu wawili, na baada ya mmoja kutoka inatakiwa ikatwe upya kwa ajili yako, kwa umri wako wa leo na afya yako ya leo. Pata bei yake kabla hujakubali mkopo mpya, kwa sababu inaingia kwenye mzigo wa kila mwezi. Usifute ya zamani mpaka mpya imeanza kufanya kazi.

Benki ikishakubali, usiridhike na maneno ya simu. Dai barua inayosema kwa jina lake kwamba ameachiliwa kutoka wajibu wote wa mkopo namba fulani kuanzia tarehe fulani, na nakala moja aipate yeye. Kama umechukua mkopo mpya, dai uthibitisho kwamba ule wa zamani umefungwa kwa salio la sifuri na rehani yake imefutwa kwenye usajili. Fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, uone jina lako peke yako. Kisha baada ya mwezi mmoja au miwili, kila mmoja wenu aombe taarifa yake ya mikopo kwenye taasisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji. Kama mkopo bado unaonekana kwake ukiwa hai, peleka ile barua benki na uwatake warekebishe taarifa walizopeleka. Marekebisho hayo mara nyingi hayafanyiki mpaka mtu ayadai.